Mjapani Aliyemwacha Askari Njiani

Kasulu Mjini,
9 Machi 2014

Kwa Bwana Teruo Minamide, Mtunzi wa Filamu, Japani.

Ndugu Mtunzi,

YAH: KUACHA KAZI NUSU

Mwakeye, ndivyo tunavyosalimiana huku. Mimi ni Nurudini Gharibu, mtafsiri katika banda la video hapa Kasulu. Filamu ikienda, nashika maiki naeleza kwa Kiswahili wanachosema watu wako. Mwalimu Bazilio amenisomea nyuma ya kasha la CD kwamba, baada ya miaka ishirini ya kutunga filamu, umestaafu na sasa unaandika vitabu. Hongera. Sasa nisikilize.

1. Nani alikuruhusu? Umempeleka askari vitani sehemu ya kwanza, tumefika sehemu ya kumi na moja mkewe bado anachungulia mlangoni, na wewe huyoo, vitabuni! Huku kwetu fundi akiezeka nusu paa akaondoka, tunamfuata hadi kwake. Una bahati Japani ni mbali.

2. Watu wako hawasemi. Yule mke anatazama mvua dakika nne nzima, na banda zima linanitazama mimi. Kijapani sikijui, lakini kazi ni kazi. Nimemtungia shamba la maharage, mawifi watatu wakorofi na kesi ya mpaka. Watu wa Murungu wanakuja kwa baiskeli kusikiliza kesi tu.

3. Hili ndilo kubwa. Yupo Therese, mkimbizi kutoka Kongo, anakaa kambi ya Nyarugusu na anauza dagaa sokoni hapa, na filamu yako hajakosa hata sehemu moja. Mumewe alipotea vitani, mwaka wa kumi na tano huu hajulikani alipo. Nimemposa kwa adabu, kupitia kwa Bi Mwamvua mwenye duka. Jibu likaja: "Ngojaka kwanza. Nione kama bwana ya ule mama atarudia." Bwana Minamide, nina miaka arobaini na sita! Posa yangu iko mikononi mwako, nawe umestaafu. Inaniuma, sikufichi.

4. Kwa hiyo weka kitabu chini, andika sehemu ya kumi na mbili. Askari afe waziwazi, kaburi lionekane, mtu asibaki na shaka. Mke akae eda, kisha aolewe. Wa kumwoa usihangaike kutafuta kijana. Mtu mzima mwenye sauti nzuri anatosha.

Nisalimie mkeo, watoto, majirani, na hata waliokushauri kustaafu, ingawa hao siwapendi.

Ni mimi, nikisubiri kwa heshima na hasira,
Nurudini Gharibu

N.B. Kabla sijaenda posta, CD ya kumi na mbili imeletwa kutoka Kigoma. Kumbe uliimaliza kazi yako, nisamehe. Kaburi lipo, maandishi yapo, mke kapiga magoti, kila kitu kama nilivyoomba. Therese alikuwa benchi la mbele, kashika kitenge mdomoni. Nikashika maiki nikasema hilo ni kaburi la baba mkwe, na askari ameleta barua, yuko njiani. Banda zima likapiga makofi. Sasa Therese ananiuliza sehemu ya kumi na tatu inakuja lini. Nimemwambia mtunzi ni mtu wa taratibu, lakini anaandika.