Panya wa Nyuzi Thelathini na Saba

Jumatatu, 8 Julai
Bombo, huku milimani. Baridi kali, ukungu hadi mlangoni. Nimepoteza kipimajoto. Kiliniponyoka nikikagua mitego juu ya korongo. Nikakisikia kikigonga mawe, kisha kimya.

Ni cha Daktari Rogathe, anayetafiti panya wa msituni. Baridi ikizidi, panya hawa hulala na kupoa mwili mzima, naye anataka kujua hewa iliyomo kwenye damu yao inakuwaje wakiwa hivyo. Kazi yangu ni kupima joto la panya kabla Daktari hajamtoa tone la damu. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na wa kudumu uko mmoja tu. Mwenzangu Sadock, anayepima joto la mashimo yao, naye anautaka ule wa kudumu, na hajawahi kudondosha hata kijiko.

Nimeamua kunyamaza. Nimeandika nyuzi thelathini na saba. Binadamu mwenye afya ana thelathini na saba. Panya ana afya. Sioni tatizo.

Jumanne, 9 Julai
Panya wote nyuzi thelathini na saba. Sadock kachungulia, kasema aliyemshika yeye alikuwa baridi kama kiazi kilicholala nje. Nimemjibu inategemea mkono wa mshikaji. Kaondoka akitabasamu. Silipendi tabasamu lile.

Alhamisi, 11 Julai
Balaa. Daktari hakunywa chai. Anasema kwa namba zetu damu ya panya imejaa hewa chafu na asidi, kama ya mnyama anayekabwa shingo, ilhali wenyewe wanapumua taratibu bila shida yoyote. Nikajifanya kushangaa.

Akatueleza upya. Mashine ya kupimia huipasha damu hadi thelathini na saba ndipo isome. Damu ya baridi ikipashwa, hewa iliyoyeyuka ndani yake husukuma kwa nguvu, kama soda iliyoachwa juani. Kwa hiyo lazima hesabu irudishwe kwenye joto halisi la mnyama.

“Afadhali joto tunalo, kaka Elinaza,” akaniambia kwa upole.

Kwa thelathini na saba yangu, hesabu haikurudishwa popote. Daktari anahofia kuna ugonjwa msituni. Jumapili baada ya ibada atampima panya mmoja mwenyewe, kwa kipimajoto cha Sadock.

Ijumaa, 12 Julai
Nimepata njia. Panya akikutwa na thelathini na saba kweli, nani atasema nilidanganya? Kinachotakiwa ni kumpasha tu. Kwapa langu lina joto la bure.

Jumapili, 14 Julai
Asubuhi nilimchukua panya aliyechaguliwa. Amejikunja, hana habari. Nikamtia kwapani, nikafunga koti, nikaenda kanisani. Nilikaa nyuma ya Daktari.

Katikati ya mahubiri akaanza kutetemeka. Nikafurahi, joto linapanda. Kisha akaamka kabisa. Akashuka ubavuni, akazunguka mgongoni, akaichunguza suruali. Wakati huo huo Mchungaji akauliza kama kuna mwenye ushuhuda. Nikajikuta nimesimama. Kanisa zima likageuka. Nikasema namshukuru Mungu kwa uzima na kwa joto la mwili. Panya akatokea kwenye kola.

Mama mmoja wa kwaya alipanda juu ya benchi. Sadock akamdaka panya kwa kofia, bila hata kuachia kitabu cha nyimbo. Daktari akaitambua alama yetu ya utafiti sikioni mwake.

Nje aliniuliza swali moja tu, kipimajoto kiko wapi. Nikasema korongoni, tangu Jumatatu. Akakaa kwenye ngazi za kanisa, akainamisha kichwa. Hakufoka. Angefoka ningepata nafuu. Alisema damu yote ya wiki ni ya kumwaga, na wanyama wametobolewa bure. Tena akasema ningemwambia siku ile ile angenipa kingine. Anavyo kwenye sanduku.

Jumatatu, 15 Julai
Sikufukuzwa. Mkataba wa kudumu kapewa Sadock. Mimi nimehamishiwa kwenye mizani, nipime uzito wa panya na kuandika. Nimemwapia Daktari kwamba sitaandika tena kitu ambacho sijakipima. Nilimaanisha. Karibu nilie.

Mchana mizani ikagoma kuwaka. Betri zimekwisha, na mpya ni hadi Same mjini. Kumsumbua Daktari leo, baada ya yaliyotokea, si ungwana. Nimemweka panya kiganjani, nikafumba macho, nikatulia.

Gramu thelathini na moja. Nimeandika.