Injini ya Baba Elinaza

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Baridi. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Baada ya chakula Sumari akaenda tena kukaa ndani ya gari. Shevroleti lake la kabla ya vita, fahari ya Akheri nzima, lilipasuka injini pale kilima cha Tengeru masika ya mwaka jana kwa kukosa maji. Tangu hapo limeegeshwa kando ya zizi. Kila jioni mume wangu anafuta kioo, anaingia, anashika usukani na kuitazama migomba. Mwanamume mzima. Nikampelekea chai kama kawaida, nikakaa naye mpaka kikombe kikaisha. Hakulalamika. Halalamiki kamwe, na hilo ndilo linaloniumiza.

Wifi yangu Nanyori, dada yake, ameniuliza leo kuku watahamia lini humo. Nikacheka naye. Moyoni nikaapa. Nitanunua injini nyingine. Kwa siri. Gari litanguruma na Nanyori atakosa la kusema.

Jumatano, 8 Agosti

Nimemwambia Sumari nakwenda kwenye kikao cha akina mama kanisani. Mungu anisamehe, nikaenda mjini. Fundi Bariki wa Kaloleni, aliyekuwa akilitengeneza gari letu, akaniambia injini ya aina ile anaijua moja tu, nayo haimo garini. Inasaga mahindi Lemara, kwa mzee Dismasi.

Nikaenda. Nikampa shikamoo, nikaomba kuinunua. Mzee akasema Lemara nzima inakula kwa injini hiyo, labda nimnunue na yeye mwenyewe. Sawa. Mbinu ya pili. Nikajiunga na foleni, nikawanong'oneza wanawake kwamba unga wa hapa unanuka petroli. Wateja wakikimbia, mzee atauza mwenyewe.

Hawakukimbia. Habari zikafika Levolosi, wanawake wakaja kunusa. Na kwa kuwa hakuna aendaye mashineni mikono mitupu, kila mmoja akaja na debe lake la mahindi. Mzee Dismasi hajawahi kusaga kiasi kile. Akanishukuru kwa kumletea watu, akanipa unga wa zawadi. Tumeula jioni. Ugali mtamu. Haunuki chochote.

Ijumaa, 10 Agosti

Bahati! Bariki ameleta habari kwamba kwa wateja wale wapya mzee Dismasi ameamua kuagiza mashine ya dizeli kutoka Moshi. Ati iko njiani, na ile ya zamani ataiachia. Kumbe mbinu yangu imefanya kazi, ila imepitia mlango wa nyuma.

Nikakimbia Lemara. Mzee hakutaka fedha. Alitaka maziwa. Ninaye mtamba mmoja, ng'ombe ambaye hajazaa bado, zawadi ya baba yangu, nimemweka kwa kaka yangu huko Nkoaranga. Nikamsifu mama wa mtamba huyo na vibuyu anavyovijaza, nikasifu mpaka mzee akameza mate. Tukapatana: kaka atampelekea mtamba, naye anipe injini kesho bila kungoja mashine mpya. Njiani nikamlilia mtamba wangu. Kidogo tu.

Jumamosi, 11 Agosti

Sumari amepeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Muda mzuri. Lori kutoka mjini likaishusha injini barabarani, nikakodi mkokoteni wa punda, nikaifunika kwa majani ya migomba. Mbuzi wa jirani wakaufuata mkokoteni wakila maficho yangu. Kwenye kilima punda akasimama. Nikambembeleza, nikamwimbia, nikamtukana kwa Kimeru. Akasinzia.

Nani akatokea? Nanyori, na kuni kichwani. Akauliza nimebeba nini. Nikasema jiwe la kusagia. Akatazama pale palipoliwa na mbuzi, akasema hajawahi kuona jiwe lenye plagi. Nikangoja kicheko. Hakucheka. Akatua kuni, akaenda nyuma ya mkokoteni, akaegemeza bega. Tukasukuma wawili mpaka migombani. Hapo ndipo aliposema, "Wifi, usimwambie kaka kwamba nilisukuma. Atajua nampenda."

Jumapili, 12 Agosti

Baada ya ibada nikamshika Sumari mkono, nikampeleka migombani, nikafunua majani. Akaizunguka injini. Akaigusa taratibu, kama mtu anayegusa paji la mgonjwa. Machozi yakamlengalenga. Nikajua ni furaha. Nikaanza kumweleza jinsi atakavyobeba abiria tena, Moshi, Babati, arusi zote za Meru.

Akajifuta mikono kwa jani la mgomba. Kisha akasema, "Mama Elinaza, gari lilipokuwa zima nilikuwa nakukuta umelala, na asubuhi nakuacha umelala. Sasa kila jioni unaniletea chai, tunakaa. Nilidhani unajua kwamba ndiyo sababu naingia mle."

Sikujua. Nilidhani analiomboleza gari. Nikakaa juu ya injini nikalia, naye akajibana akakaa karibu yangu. Akauliza nimetoa nini kuipata. Nikasema mtamba. Akacheka mpaka akashikilia mgomba, na mgomba ukaanguka.

Jumanne, 14 Agosti

Mzee Dismasi amefika kwa miguu, akimvuta mtamba wangu kwa kamba. Mashine ya dizeli imekwama Moshi, haijulikani itafika lini. Wanawake wa Lemara wamekaa mlangoni kwake na madebe yao, na mkewe hathubutu kutoka nje. Anaomba turudishiane. Nikaanza kumweleza kwamba biashara ni biashara. Sumari akanikanyaga mguu.

Injini imeondoka. Safari hii punda hakusimama hata mara moja. Nanyori alipita, akauliza kwa sauti ya kanisani lile jiwe linakwenda wapi. Nilimpa ndizi mbivu, mkungu mzima, naye akautwika kichwani.

Jioni tulikunywa chai ndani ya gari. Sumari akaniambia hakuna mahali duniani anapopapenda kama pale. Hakuna anayemwita, hakuna kelele, yeye na mimi tu na kimya. Akaniegemea begani mpaka chai yangu ikapoa. Nimemwelewa sasa mume wangu. Nimemwelewa kabisa.

Maskini, kimya kile kimemzidi. Nimesikia kuna mtu Levolosi ana redio ya betri, sauti yake inafika mpaka mtoni. Hataki fedha, anatafuta ng'ombe. Sumari asijue kitu. Nanyori ameshakubali kubeba betri.