Mgonjwa wa Bandia Anafika Jumatano

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi ya msimamizi wa zamu imetangazwa! Miaka kumi na mmoja nimesimama mapokezi ya dharura, na leo ndiyo wanakumbuka. Metroni kasema atakayefanya vizuri kwenye mafunzo ya wiki hii ndiye atakayefikiriwa kwanza. Mafunzo yenyewe: upendeleo usiojitambua. Yaani unamhukumu mgonjwa kwa sura, nguo au lafudhi kabla hujamgusa, na wewe mwenyewe hujui kama umemhukumu. Nikacheka moyoni. Mimi sina kitu hicho. Ningekuwa nacho, ningejua.

Mpinzani ni mmoja tu: muuguzi mwenzangu tunayemwita Kipimo, maana hata ukipiga chafya atakutia kipimajoto kwapani. Hana maneno. Mtu asiye na maneno ataongoza nini?

Jumanne, 5 Machi

Mafunzo. Mkufunzi, dada mmoja mpole, alitupa kisa. Mtu aliletwa hospitali anapepesuka, ulimi mzito. Wauguzi wakamwona mlevi, wakamwacha kwenye benchi. Kumbe sukari imemshuka. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa uchungu kwamba mimi ningempokea kama baba yangu mzazi. Kipimo akauliza tu zilipita dakika ngapi kabla hajapimwa. Swali kavu!

Wakati wa chai nilipita mlangoni kwa karani wa stoo. Polepole. Nikamsikia akimwambia Metroni kwamba mgonjwa wa bandia anafika kesho. Nikaganda pale pale. Kumbe wanatuletea mwigizaji wa kutupima! Sikumwambia mtu. Hasa Kipimo.

Mke wangu nilimwambia. Akauliza nitamjuaje. Nikamjibu kwamba mimi mtu nikimtazama tu, nishamjua.

Jumatano, 6 Machi

Nimeharibu kurasa mbili kabla ya hii. Mwandiko huu si wangu.

Saa tatu asubuhi binti mmoja aliingia amemshikilia baba yake ubavuni. Mzee anapepesuka, ulimi mzito, vifungo vya shati vimepishana, jasho chapachapa. Kisa cha jana, kilekile! Huyu hapa.

Nikawaruka watu wanne kwenye foleni. Nikampa mzee kiti changu mwenyewe, chenye mto. Nikapaza sauti mpaka ofisi ya Metroni isikie: "Karibu sana, mzee wangu! Hapa hatumhukumu mtu!" Nikamuuliza angependa aitwe nani. Nikamuuliza kama feni inamsumbua. Binti akasema baba ana kisukari, kajichoma sindano yake alfajiri na hajala kitu. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Maneno kayakariri vizuri!

"Kaka, mpime basi," akasema, machozi yanamtoka.

Nikamwinamia, nikamnong'oneza: "Unaigiza vizuri sana, dada."

"Naigiza nini? Baba yangu anakufa!"

Nikamwonyesha dole gumba.

Hapo mzee akateleza. Kichwa kikagonga sakafu, ko! Nikangoja ainuke. Naandika ukweli: nilingoja. Labda sekunde kumi. Macho yakageuka yote meupe, miguu ikaanza kurukaruka. Hakuna mtu anayeigiza vile.

Kipimo alitokea sijui wapi. Tone la damu kidoleni. "Moja nukta nne," akasema. Sukari ya mtu mzima haitakiwi kushuka chini ya nne. Akaniagiza dripu ya sukari, nikaleta ya chumvi. Akaniambia nishike mkono wa mzee, nikashika wa binti. Nilipopata sindano, mshipa ukanikimbia mara mbili. Akaichukua, ikaingia. Tukangoja. Dakika moja. Mbili. Binti anaita baba, baba, baba. Dakika ya nne mzee akafumbua macho, akaomba maji.

Nilikwenda chumba cha mafagio nikakaa juu ya ndoo.

Mchana likaja boksi kubwa. Ndani yake mdoli wa plastiki, wa kufundishia kukandamiza kifua. Mgonjwa wa bandia.

Alhamisi, 7 Machi

Kwa Metroni. Binti kashamweleza yote, mpaka dole gumba. Metroni hakufoka. Angefoka ningejua pa kujificha.

"Ulimwona nani pale kwenye kiti?"

"Mwigizaji, Metroni."

"Na mgonjwa alikuwa wapi?"

Barua ya onyo inaandikwa. Nyumbani mke wangu akauliza kama nimemwomba mzee radhi. Nikamwambia nina mpango.

Ijumaa, 8 Machi

Wadi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Nilikwenda kuomba radhi, kweli kabisa. Maneno nilikuwa nimeyapanga. Mzee akanishika mkono kabla sijafungua mdomo. Akasema hakumbuki mengi ya siku ile, ila sauti moja tu, ikimwambia karibu mzee wangu. Akasema alipoisikia alijiona yuko salama.

Nusura nilie mbele ya wadi nzima.

Halafu nikamwomba aliandike hilo kwenye karatasi, atie na saini. Kalamu nilikuwa nayo. Mzee akaandika taratibu, mkono bado mlegevu. Kugeuka, binti yuko nyuma yangu na chupa ya uji. Sijui kasimama pale tangu lini. Akaichukua karatasi, akaisoma, akasema ataifikisha kwa Metroni yeye mwenyewe. Nikamshukuru!

Jumatatu, 11 Machi

Msimamizi wa zamu ni Kipimo. Karatasi ya mzee ilifika kwa Metroni, na binti alikuwa ameujaza upande wa nyuma: nani aliomba iandikwe, na kwa kalamu ya nani. Mimi narudia mafunzo, safari hii siku tatu. Mzee ameruhusiwa kwenda nyumbani, anatembea mwenyewe.

Nimewahi darasani leo ili niwasome watu. Tuko tisa. Wawili wa maabara: hao wote wana kiburi. Mfamasia mnene: atasinzia kabla ya chai. Na nyuma kabisa kuna mama mwenye miwani mizito. Hakuna anayemfahamu, hasemi na mtu, anaandika tu. Mpelelezi wa Metroni, wazi kabisa! Nikampelekea kikombe cha chai, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba humu ndani asiye na upendeleo ni mimi peke yangu.

Akaliandika na hilo. Mambo yanakwenda vizuri.