Konfleksi za Mutsinzi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeokoka! Nimesoma kwenye simu historia ya konfleksi. Zamani, Marekani, ndugu wawili walichemsha ngano ya wagonjwa wakaisahau, ikachacha. Wakaikandamiza hivyo hivyo, ikatoka vipande, wakaoka. Dunia nzima ikala! Yaani utajiri umetokana na kusahau, na dada Daphrose, ambaye nalala sebuleni kwake, husema mimi sikumbuki chochote. Amenipa hadi Jumapili nipate kazi au nihame. Basi! Madamu Gaudiose mwenye nyumba ya wageni Kibagabaga, hapa hapa Kigali, anatafuta wa kumletea kifungua kinywa. Jirani yetu Audace atampelekea uji wa mtama. Uji! Karne hii!

Jumatano, 8 Oktoba
Tangu juzi nayasahau mahindi niliyochemsha. Kazi ngumu! Kila nikisahau, nakumbuka kwamba nasahau. Leo yamenuka vizuri. Nimeyaponda kwa chupa ya bia, nikayaanika juu ya bati. Nimeonja. Jino limelia. Maziwa yatalainisha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Biryogo, kwa Shami mchapaji. Mifuko ya kupendeza, jina langu Mutsinzi, picha yangu natabasamu, chini maneno ya kuwakaribisha watu mezani. Shami akauliza, "Kula iko na L ao R?" Nikasema R, haraka, fundi asione nina shaka. Trinah, fundi cherehani wa mlango wa pili aliyekulia Tanzania, akacheka hadi akaacha kushona. Eti ya R hutumbukizwa sandukuni. Nikamjibu konfleksi nazo hukaa kwenye boksi. Hawa wa Tanzania wanadhani Kiswahili ni chao.

Ijumaa, 10 Oktoba
Aibu. Mifuko mezani kwa Madamu: KURA MUTSINZI KILA ASUBUHI! Mgeni mmoja akauliza nagombea nini. Mwingine akataka kujua nitafanya nini kuhusu maji. Madamu akaingiwa na hofu, akauliza nani kaniruhusu kampeni kwenye chumba chake cha chai. Nikaapa ni chakula. Akatafuna kuhakikisha. Akashika shavu. Audace, mnafiki yule, akamimina uji taratibu, akapewa kazi hapo hapo.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimefikiri sana. Konfleksi hazina kosa, watu ndio hawajaendelea. Lakini yule mgeni wa swali la maji alinisikiliza kabisa! Picha ninayo. Mifuko imeshachapwa. Nitagombea kweli, nianze na mudugudu wetu, hiki kimtaa chetu, halafu tuone. Nimemwomba dada Daphrose kura ya kwanza. Amenitolea godoro nje, akafunga mlango.

Mchango wa kwanza wa kampeni!