Bia ya Korongo kwa Wapolandi

Jumanne, 4 Novemba 2025

Nimepata meza! Soko jipya la Wapolandi linafunguliwa Greenford Jumamosi, na Bi Grażyna, msimamizi wake, amekubali niwaonjeshe watu bia ya Korongo kutoka Kenya. Wakiipenda, itawekwa kwenye rafu. Mimi, Jaspal wa Kisumu, ndimi wakala pekee wa Korongo Uingereza nzima. Makreti arobaini yamejaa sebuleni. Mke wangu Harjit anatazama televisheni akiwa amekalia mawili. Anasema hakuolewa awe mlinzi wa stoo.

Jumamosi hiyo hiyo Kaka Avtar anatua Heathrow saa tano asubuhi. Anapita London siku tano tu, kisha anahamia Kanada kwa binti yake. Ana miaka sabini na tisa. Hatujaongea tangu 2014, nilipomshawishi kwa simu ageuze karakana ya marehemu baba kuwa banda la kware. Kila mtu Kenya alikuwa anafuga kware. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Mashine za baba zikauzwa kama vyuma chakavu, na mimi nikaona aibu hata kupiga simu. Jumamosi nitampokea na maua mkononi. Nitakuwa mtu aliyefanikiwa. Atanisamehe.

Alhamisi, 6 Novemba

Balaa! Vijay wa Stanmore, mshindani wangu wa siku zote, naye kapata meza, tena karibu na mlango. Analeta bia ya Goa, kule India, na friji ya vioo yenye taa. Mimi sina friji. Nikamweleza Bi Grażyna kwamba kwetu Kisumu wazee huagiza bia ambayo haijaona friji kabisa. Akanitazama kwa huruma. Lakini mzee mmoja wa Kipolandi, aliyekuwa akipanga mitungi ya matango, akasema mama yake alikuwa akichemsha bia kwa asali na karafuu wakati wa baridi. Mungu yupo! Baridi ipo, bia ipo. Nitachukua masala ya chai, yale Harjit aliyosaga kwa ajili ya Kaka. Kijiko kimoja tu. Hatajua.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilichukua mfuko mzima.

Soko likafunguliwa saa nne. Nilipanga kuondoka saa nne na nusu kwenda Heathrow. Sufuria niliyobeba ni ile kubwa ya harusi, jiko ni la umeme, na saa nne na nusu bia ilikuwa vuguvugu tu. Nikajiambia ndege huchelewa. Nikaongeza moto. Saa tano mzee wa matango akaonja, akafumba macho, akauliza kwa upole kama hii ni dawa, na ya ugonjwa gani. Nikaongeza asali. Dakika kumi tu, nikasema. Basi povu likapanda! Likamwagika juu ya jiko, mlio, moshi, umeme ukakatika soko zima. Friji ya Vijay giza. Hapo nilifurahi kidogo, naungama. Friji za soseji nazo giza. Bi Grażyna hakupiga kelele. Alinishika kiwiko, akanisindikiza hadi kwenye vani, akasema nisirudi tena, hata kama mteja.

Baada ya kupiga deki na kubeba makreti, nilifika Heathrow saa tisa. Kaka hakuwepo. Simu yangu ilikuwa ndani ya koti, na koti chini ya makreti. Alikuwa amepiga mara kumi na nne.

Alikuja mwenyewe kwa treni hadi Southall, akiburuta sanduku. Harjit alikuwa kazini, akitunza wazee wa watu wengine. Mzee wetu akakaa mlangoni kwenye manyunyu kwa saa mbili. Sasa amelala. Viatu vyake vinakauka karibu na hita. Ni vidogo kuliko nilivyovikumbuka. Najichukia.

Jumatatu, 10 Novemba

Kaka hajanigombeza. Afadhali angenigombeza. Jana aliomba chai ya masala. Masala hakuna. Harjit akanitazama muda mrefu sana.

Leo kafungua Korongo moja kutoka kwenye kreti, bila friji, akanywa yote, akasema ni nzuri. Mnywaji wangu wa kwanza! Kisha akasimulia kwamba kware walipokosa wanunuzi aliwala miezi minne mfululizo, na mpaka leo akiona yai dogo anageuza uso. Tukacheka mpaka tukalia. Mimi nililia zaidi. Akasema karakana aliisamehe zamani. Kilichomuuma ni kunyamaza kwangu. Angeweza kupitia Dubai. Alipita London kwa ajili yangu. Akafungua sanduku, akanipa spana ya baba, kitu pekee kilichobaki.

Ameomba jambo moja tu: Alhamisi nimpeleke uwanja wa ndege mimi mwenyewe, tuagane kama ndugu, kwa sababu hadhani tutaonana tena. Nimeapa kwa jina la baba.

Alhamisi, 13 Novemba

Ndege ya Kaka ni saa nane mchana. Tunaondoka nyumbani saa nne na nusu. Sasa ni saa nne na dakika tano, naandika ndani ya vani, nje ya soko jipya la Waromania huko Hayes. Linafunguliwa leo! Mtu hujifunza kutokana na makosa yake, nami nimekaa nikayatafakari yangu siku tano, usingizi sina. Kosa lilikuwa umeme. Leo nimekuja na jiko la gesi. Na spana ya baba imeshika nati ya mtungi barabara, utadhani aliniachia kwa ajili ya kazi hii. Marehemu angefurahi sana.

Nimemwacha Kaka mlangoni, ameshavaa koti, amekalia sanduku lake. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia dakika kumi tu.