Kufuli la Katibu Kornel

Jumapili, 4 Agosti 2024

Kwako Theopista, mama Digna,

Naandika kwenye lile daftari lako la zamu za kufua vitambaa vya altare. Kurasa nyingi zimebaki tupu. Nashukuru hukulijaza.

Jumamosi unatimiza mwaka tangu ututoke. Misa ni saa nne, padre amekubali. Ndizi zipo. Pombe ya mbege atapika Mary, mke wa jirani yetu Sylvanus, ambaye hana ugomvi na mimi. Mwenye ugomvi ni mumewe. Digna atafika Ijumaa kutoka Mwanza.

Nina mpango! Baada ya chakula, watu wakiwa wametulia, sauti yako itatoka kwenye spika. Ule wimbo wa mavuno, ubeti wa pili, pale unapoimba peke yako. Mwezi wa sita Digna aliniambia kwenye simu kwamba sauti yako imeanza kumpotea. Uso anauona, sauti haisikii tena. Alisema polepole, kama mtu anayeungama. Tangu siku hiyo chakula hakinipandi vizuri.

CD ya kwaya ninayo. Moja, ya mwisho. Redio yetu bado inaipiga, ila inasikika mpaka mlangoni tu. Mtu wa spika hapokei CD, anapokea flashi. Rahisi! Kesho nashuka mjini, wimbo unahamia kwenye flashi, kazi imekwisha. Nimejipongeza kwa usingizi wa mchana.

Jumatatu, 5 Agosti

Aibu!

Nilikwenda dukani kwa Joyness, kule Mawenzi, yule mama anayechapa barua na kutoa kopi. Yeye peke yake bado ana kompyuta ya zamani inayomeza CD. Foleni ya watu sita. Joyness akaisukuma ndani. Kompyuta ikanguruma, kisha yakatokea maandishi mekundu kwenye kioo. Joyness ana sauti ya mtangazaji wa mpira. Akayasoma yote.

“Ndugu mwizi. Mungu anakuona na sisi tunakuona. Kazi hii hainakiliwi. Tubu, kisha ukanunue ya kwako. Kwa niaba ya kwaya, Kornel Mushi, Katibu.”

Foleni nzima ikanigeukia. Halafu akaniuliza, “Baba, si umesema unaitwa Kornel Mushi?”

Nilikuwa nimesahau, Theopista. Kabisa! Mwaka 2007, mimi katibu, Sylvanus mwenyekiti. Kila kona ya Moshi vijana walikuwa wakinakili nyimbo za kwaya. Nikamleta yule mtaalamu kutoka Arusha mwenye teknolojia ya kufungia CD. Sylvanus alikataa, tukapigana maneno mbele ya paroko. Wewe ulikuwa unamenya ndizi jioni ile. Ukaniuliza wimbo wa kumsifu Mungu unapigwaje kufuli. Nikakujibu kwamba teknolojia ina wenyewe.

Basi kufuli likafanya kazi. CD haikufunguka kwenye kompyuta yoyote, wenye maduka wakazirudisha. Kwaya ya parokia ya jirani, waliokuwa wakiibiwa kila siku, nyimbo zao mpaka leo zinapigwa kwenye bajaji. CD zetu zilizobaki, Sylvanus alizitundika kwenye ulezi wake kufukuzia ndege. Jua likazimaliza.

Joyness alijaribu njia zote. Wimbo unatoka sekunde kumi, kisha unakuwa mlio wa mashine ya kusaga isiyo na mahindi. Hakunitoza kitu. Alisema mwizi aliyejikamata mwenyewe hatozwi. Mama mwema sana.

Jumanne, 6 Agosti

Mungu hatupi mja wake. Jana mtu mmoja kutoka kwenye ile foleni alinifuata nje. Anaitwa Amon, fundi redio. Akaninong'oneza kwamba makufuli mengi ya zamani yalikuwa yamewekwa pembeni kabisa mwa CD. Ukipitisha kalamu ya wino mzito pale ukingoni, mstari mwembamba tu, kompyuta hailioni kufuli. Watu walifanya hivyo duniani kote, alisema. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Kalamu ya wino mzito niliyo nayo ni ile ya kuandikia magunia ya kahawa. Ncha yake ni nene kama kidole. Asubuhi, baada ya kumpa ng'ombe majani, nikakaa mezani. Nikapitisha. Nikafikiri, kama kidogo kinasaidia, kingi kitasaidia zaidi. Nikazungusha mara nne. Wino ukatelemka kuelekea katikati.

Nikaijaribu kwanza kwenye redio yetu, ile inayofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Inazunguka, inazunguka. Kimya. Sasa hata redio haiioni.

Jumatano, 7 Agosti

Wino wa magunia hautoki kwa maji. Hautoki kwa sabuni ya mche. Hautoki kwa majivu.

Kwa mafuta ya taa unatoka! Nilipiga kelele ya furaha mpaka kuku wakatawanyika. Nikaendelea kusugua. Wino ukatoka wote. Kisha maandishi ya juu yakatoka. Kisha ile rangi ya fedha nayo ikaanza kubanduka, vipande vipande, kama magamba ya samaki.

Nilikaa kwenye ngazi ya jiko na CD mkononi. Inapitisha mwanga. Niliona kibanda cha ng'ombe kupitia sauti yako.

Unisamehe.

Mchana Digna akapiga simu. Nilitaka kumdanganya, nikashindwa katikati. Nikamuuliza kwa mzunguko kama anakumbuka mtu mwingine aliyekuwa anarekodi kwaya. Akasema, “Baba, si Mzee Sylvanus? Kila mazoezi alikuwa na redio kaseti yake, anawarekodi sauti ya nne ili awaaibishe.”

Sylvanus! Kati ya watu wote wa Kibosho!

Miaka kumi na saba sisi ni salamu tu. Yeye, “Katibu.” Mimi, “Mwenyekiti.” Basi. Na bado kwenye mazishi yako aliongoza nyimbo mpaka koo likamkauka. Sikumwambia asante. Hilo nalijua mimi, na sasa unalijua wewe.

Alhamisi, 8 Agosti, Nane Nane

Maduka yamefungwa, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, siku nzuri ya mpango mpya.

Sale! Mtu akikuletea jani la sale mlangoni kuomba msamaha, umwambie nini? Huwezi kumkatalia. Baba yangu alisuluhisha ugomvi wa ng'ombe wawili kwa jani moja. Mpango wangu ulikuwa mzuri kuliko wa baba: naleta jani, nanyamaza, sitaji kosa lolote. Jani lifanye kazi, mimi nirudi na kaseti.

Masale ndiyo mpaka wetu na Sylvanus, na ya upande wangu yana manjano kwa baridi. Upande wa Sylvanus kulikuwa na moja limenawiri, kijani, refu. Nikanyoosha mkono. Nikalikata. Nikalifunga fundo kama baba alivyofunga.

Sylvanus alikuwa anapukuchua maharage barazani. Alilitazama jani muda mrefu. Akauliza nimelikata wapi. Nikasema mpakani. Akauliza upande gani. Nikasema siku hizi baridi ni kali.

Akainuka. Akatembea mpaka kwenye ua, akaweka kidole penye mkato mbichi. “Katibu,” akasema, “umekuja kuniomba msamaha na mpaka wangu mkononi?” Akaongeza kwamba sale la mpaka wa mtu halikatwi, na hilo hata mbuzi wake analijua, ndiyo maana anakula majani mengine.

Nikarudishwa nyumbani! Nikakate jani la kwangu, nije niombe msamaha kwa ajili ya lile jani. Nilikuja na la manjano lenye matundu ya wadudu. Nikasimama barazani na majani mawili, kama askari wa usalama barabarani. Mary alicheka mpaka akamwaga ungo wa maharage. Shukrani kwa Mary, maana kicheko chake ndicho kilichofungua mlango.

Sylvanus akasema haya, jani la kwanza nimekusamehe kwa jani la pili. Sasa shida yenyewe ni nini, meku, mzee mwenzangu? Nikanyamaza kama nilivyopanga. Akasema jani lisilo na maneno atampa huyo mbuzi.

Basi nikasema. Nilianza na kufuli. Nikasema yeye alikuwa sahihi mwaka 2007, na maneno hayo yalinikwaruza kama mfupa. Nikasema la mazishi, kwamba sikumshukuru. Nikasema la Digna na sauti inayopotea. Mwisho nikasema la kalamu ya magunia na mafuta ya taa. Hapo akajifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yote. Kisha kweli akalia, nami nikalia, na Mary akatuambia tuokote maharage.

Kaseti ilikuwa kwenye kopo la biskuti. Alisema tangu ufe hajaisikiliza. Anaogopa.

Ijumaa, 9 Agosti

Tulishuka wote wawili. Kaseti haikutoka mkononi mwake mpaka Mawenzi. Joyness akaunganisha redio kaseti yake na kompyuta kwa waya mmoja mwembamba. Hakuna maandishi mekundu. Hakuna ndugu mwizi.

Mazoezi. Sauti ya nne wanapotea, Sylvanus anawafokea. Kisha wewe, peke yako. Ubeti wa pili. Mstari wa kwanza safi. Mstari wa pili ukakosea neno, ukacheka. Theopista, ulicheka! Kwenye CD hakuna kicheko, yule mtaalamu alikikata. Halafu ukasema, “Jamani, tuanze tena.”

Wateja waliacha kuulizia kopi zao. Joyness alifuta kioo cha kompyuta kwa kanga yake, na kilikuwa hakina vumbi. Sylvanus akaniambia taratibu, “Twende nyumbani, Kornel.” Si Katibu. Kornel.

Digna amefika jioni. Amekonda. Sikumwambia kitu.

Jumamosi, 10 Agosti

Misa nzuri. Watu wengi, hata kutoka Shirimatunda. Mbege ya Mary haikubaki. Joyness alikuja na kompyuta yake ya mapajani na mkungu wa ndizi, kana kwamba sisi huku hatuna ndizi. Nashukuru.

Saa tisa mtu wa spika akachomeka flashi. Ulipocheka, Digna alinishika mkono. Wimbo ulirudiwa, na ulipocheka mara ya pili akaweka kichwa begani kwangu, kama alipokuwa darasa la kwanza. Sina la kuongeza hapo.

Baada ya hapo wote wakanizingira na simu. Baba Digna, turushie! Mzee, niwekee na mimi! Vijana wawili wameshachomoa flashi! Nikaingiwa na hofu. Kesho Theopista wangu yuko kwenye bajaji!

Nikamwita Joyness pembeni, nyuma ya tangi la maji. Nikamwomba aniwekee neno la siri kwenye ile flashi, na nakala ya dukani aifute. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikamwambia teknolojia ina wenyewe. Nikamgeuza aangalie migomba, nikaandika neno hilo mwenyewe. Neno zuri, gumu, hakuna mwizi atakayelipata. Sikuliandika popote. Humu pia siliandiki.

Jumapili, 11 Agosti

Siwezi kulikumbuka.

Digna anarudi Mwanza kesho jioni, ameomba wimbo aondoke nao. Nimejaribu jina lako. Jina lako na herufi kubwa. Tarehe ya ndoa. Jina la ng'ombe. Jina la ng'ombe aliyekufa. Ikabidi nimwambie, na la mafuta ya taa pia. Digna alinitazama, kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Kicheko chako kile kile! Kilianzia chini, kikapanda, kikakatika palepale kinapokatika kwenye kaseti. Nilisimama katikati ya jiko nikisikiliza, nikamshukuru Mungu.

Lakini wimbo ni wimbo, na mwanao asiondoke mikono mitupu. Kaseti bado ipo kwa Sylvanus, kwenye kopo. Kesho asubuhi Joyness anafungua. Kinachotakiwa ni jani tu, la kumwambia Sylvanus kwamba nimepiga kufuli tena.

Nimekwenda kuangalia mpakani. Masale yangu yote yamekauka kwa baridi. Upande wake, kando tu ya ule mkato, limesimama moja changa, kijani, zuri ajabu. Sylvanus yuko misa ya pili mpaka saa sita. Kisu nimeshanoa.

Unikumbuke, Theopista. Leo hasa.

Kornel wako