Mpunga wa Nyuma ya Bafu

Beno na Mathei, nawaandikia tope halijakauka mikononi. Leo nimeaibika mbele ya mkwe, mbele ya jirani na mbele ya bata. Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Mnajua mwaka huu nilikataa kwenda shamba Idete. Nikae juu ya dungu kufukuza ndege, nitafunwe na mbu, kwa kosa gani? (Mimi ni mtu wa kitanda changu.) Nikamwambia mke wangu, Mama Oska: "Nenda wewe. Mimi nalima hapahapa Ifakara, nyuma ya bafu. Maji ya kuoga yapo."

Akasema, "Sawa. Usipovuna, kuamia ndege kule Idete ni kazi yako."

Nikakubali. Kiburi!

Miche niliiokota pembeni mwa mfereji. Ya bure, kijani, mizuri! Ikatoa masuke. Lakini kila asubuhi nakuta masuke matupu. Nani kama si bata wa jirani, Mzee Ligamba? Nikampeleka mzee kwa balozi wa nyumba kumi. Mzee akaapa bata wake hawahusiki. Mimi nikabwata kama wakili, akaamriwa anilipe bata mmoja. (Nilimla na ndizi.)

Leo asubuhi nasikia chakachaka mle kwenye mpunga. Tena! Damu ikachemka. Nikashika kombeo, nikatia bonge la tope. "Mwizi wee, leo unaingia chunguni!"

Pwaa!

Akainuka mama mkwe.

Kumbe kafika na Mama Oska kutoka Idete, kapitia nyuma kuutazama mpunga wa mkwewe. Tope mgongo mzima. Mimi kombeo mkononi, bukta imechanika.

"Shikamoo, mama." (Mngesema nini nyie?)

"Marahaba, baba. Shabaha unayo."

Halafu nikaona: ameshika fungu zima la mpunga wangu, kaung'oa! Hasira ikanirudia. "Mama, mbona unaning'olea mpunga?"

"Mpunga?" Akatikisa suke moja, taratibu. Punje zote zikadondoka kwenye matope. "Baba, huu mpunga pori. Ukikomaa unajipukutisha wenyewe. Sisi shambani tunaung'oa. Wewe umeupalilia?"

(Mara mbili. Na samadi nikatia.)

Mama Oska alishakaa chini, kicheko kimemkaba. Hapo kikachomoza kichwa cha Mzee Ligamba juu ya ua. Kasikia yote, mzee yule!

"Kwa hiyo unajipukutisha wenyewe," akasema polepole. "Na bata wangu, naye alijipukutisha?"

Kesho asubuhi naenda Idete, dunguni, mpaka mavuno. Kombeo kanifungia mama mkwe mwenyewe kwenye mzigo, eti shabaha kama ile isiozee nyumbani. Mkipita huko, pigeni hodi mkiwa mbali. Na atakayecheka, akumbuke tope la Idete haliishi.